Walihama Wakiimba

Nilifika chuo kikuu nikijua kusoma kwa namna moja tu, ile ya misheni: unasimama, unasoma kwa sauti, unakaa, watu wanasema amina. Kwetu Mbozi msomaji mzuri alikuwa yule asiyekwama kwenye neno. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama niliyoyasoma yalikuwa kweli, na mimi sikudhani swali la namna hiyo linaruhusiwa mbele ya kitu kilichopigwa chapa.

Nilitegemea chuoni wangenifundisha kuuliza. Nikakuta misheni nyingine, isiyo na kengele wala kinanda. Wenzangu walifuga ndevu, wakavaa makubazi ya matairi, wakatembea na vitabu vinene ambavyo kurasa zake za katikati hazikuwahi kuona jua. Kwenye semina mmoja anasoma aya, wengine wanatikisa vichwa, kisha anatokea mtu wa kusema, "Sahihi kabisa, ndugu." Hiyo ndiyo iliyokuwa amina yao. Mwenye maneno kama mwamko na nguvu za uzalishaji mdomoni alihesabiwa kuwa na akili, hata kama jembe alilishika siku ya kupigwa picha tu.

Mhadhiri wetu mmoja alikuwa ameandika kijitabu cha Kiingereza kuhusu wakulima wa nyanda za juu za kusini-magharibi, yaani sisi, na jinsi walivyohamia vijijini. Aliyetaka kufaulu somo lake alikibeba kila mahali. Ndani yake kulikuwa na sentensi ambayo mwenyewe aliipenda mno, maana hakumaliza kipindi bila kuirudia: akina mama wa huko walihama kwa hiari, wakiimba, mmoja wao akiwa na jiwe la kusagia kichwani. Niliipigia mstari kwa penseli nyekundu, na pembeni nikaandika "mwamko". Machoni pangu niliwaona wanawake fulani wa mbali, wenye afya na bendera, katika kijiji kilichoendelea kuliko chetu. Niliwaonea wivu kidogo.

Likizo ilipofika nikapanda treni hadi Vwawa. Kijitabu kilikuwa mkobani, kwa sababu tukifungua chuo ingekuwa zamu yangu kukichambua mbele ya semina. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Sasa alikuwa akiishi kwenye kijiji kipya kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Kahawa yake ilibaki kule juu, upande wa Ruanda ya huku kwetu Mbozi, ikimezwa na nyasi. Mumewe na mtoto wake wa kwanza walibaki kule kule, makaburini.

Alinikuta nimekaa mlangoni nasoma. Yeye alikuwa na ungo, anapepeta maharage ya kuwauzia wafanyabiashara wa Tunduma.

"Kitabu gani hicho unakishika kama katekisimu?" akauliza.

"Cha chuoni, Shangazi. Kinatusema sisi watu wa huku."

"Basi nisomee."

"Kimeandikwa kwa Kiingereza."

"Si umesoma wewe? Nisomee kwa Kinyiha."

Nikaanza. Kwa Kiingereza kurasa zile zilikuwa zikiteleza vizuri sana. Kwa Kinyiha, mbele ya mtu anayepepeta maharage, zilianza kuniaibisha. Nikisema "wakulima waliafiki," Shangazi anauliza wakulima gani. Nikisema "walishauriwa," anauliza na nani, na yule mshauri alikuwa ameshika nini mkononi. Nikafika kwenye sentensi yangu nyekundu. Nilipolitamka jiwe la kusagia kwa lugha ya nyumbani, macho yangu yakaenda yenyewe kwenye jiwe lililokuwa pale karibu na mguu wake.

Jiwe lilikuwa hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye msafara ule, msichana wa sekondari aliyerudi likizo, nimejitwika kitanda cha kamba. Mgambo walikuwa wameshaezua nyumba asubuhi ile. Tulipopita makaburi ya ukoo Shangazi akasimama, jiwe kichwani, akaanzisha wimbo wa maziko, na sisi tukaitikia, kwa sababu tulikuwa tunawaacha marehemu bila mtu wa kuwapalilia. Makaburi yetu yako mlimani, njia ni ya kupanda, kwa hiyo wimbo wa kusindikiza maiti unakwenda mbio mbio, ili wabebaji wapate hatua. Mgeni akiusikia kwa mbali atauliza harusi ni ya nani. Chini ya mikaratusi lilikuwa limesimama Landrova, na ndani yake bwana mmoja mwenye miwani ya jua alikuwa akiandika. Katibu kata aliinama dirishani akamwambia kitu, wakacheka. Yule bwana hakushuka.

Nilikuwa nimesoma habari zangu mwenyewe, nikazisifu, nisijitambue. Huo ndio usomi niliokuwa nao.

Shangazi aliweka ungo chini. "Ina maana huko Dar es Salaam watu wanasoma kwamba niliwaacha marehemu wangu nikifurahi?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, Shangazi."

"Wewe ulikuwa nyuma yangu. Ukirudi, mwambie aliyekiandika kwamba ule ulikuwa wimbo wa kuzika. Afute."

Maharage yaliyobaki aliyapepeta kwa hasira, na mimi hasira ile niliibeba hadi kwenye treni.

Njiani nilikisoma kijitabu upya, na nathubutu kusema ndiyo mara yangu ya kwanza kusoma kitu chochote. Kila sentensi niliiuliza maswali ya Shangazi: nani, nani kakwambia, wewe ulikuwa umesimama wapi. Loo, kumbe kilikuwa kitupu kama debe. Kila mwanakijiji aliyefungua mdomo mle ndani aliongea kama katibu kata. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyesema neno, waliimba tu. Na ukurasa mmoja ulidai kwamba mwandishi aliwaona wakulima wetu wakipalilia mahindi mwezi wa nane. Mwezi wa nane kwetu ni kiangazi kikavu, anayepalilia mahindi labda anapalilia vumbi. Kitu cha namna hii ndicho tulichokuwa tunakiitikia amina, watu wazima wenye ndevu.

Niliyelala naye chumba kimoja, msichana wa Tanga mwenye akili za kujitafutia maisha, alinionya. Alama za mhadhiri yule ndizo zilizokuwa zikiamua nani aendelee mwaka wa mwisho. "Mwenzangu," akasema, "msifu, ufaulu, ukafundishe kwenu. Shangazi yako hatajua." Nikamjibu kwamba Shangazi atauliza.

Siku ya semina nilisimama. Nilianza na mahindi ya mwezi wa nane, watu wakaguna. Nikaja kwa akina mama. Nilieleza kwamba mwenye jiwe ni shangazi yangu, kwamba mimi nilikuwa nyuma yake, na kwamba tulikuwa tunaimba wimbo wa maziko. Mhadhiri alinisikiliza huku akitabasamu, kwa uvumilivu ule wa mtu anayesubiri mtoto amalize kulia.

"Ndugu," akasema, "hisia si utafiti. Una ushahidi gani?"

Sikuwa na ushahidi zaidi ya ule niliokuwa nimeubeba kifuani tangu siku ile. Nikaimba. Niliimba kwa Kinyiha, beti zote, nikimwona Shangazi na jiwe lake, na nilikuwa karibu kulia. Ndipo mwenye ndevu mmoja akaanza kugonga meza kwa kufuata mwendo. Jirani yake akadaka kwa makofi. Kufika ubeti wa tatu ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi, wanachekelea, wengine wanachezesha mabega. Wakomunisti wangu wote, wataalamu wa wakulima, walikuwa wanacheza msiba wa watu.

"Huu ni wimbo wa kuzika," nikasema walipotulia.

"Wimbo wa kuzika haupigiwi makofi, ndugu," akajibu mhadhiri. "Mbona wenzako umewachangamsha?" Kisha akaandika kitu, kwa mkono ule ule ulioandika ndani ya Landrova, na hata safari hii hakuinuka kwenye kiti chake.

Alinipa alama nzuri sana. Afadhali angenifelisha.

Shangazi aliniuliza kama nilivyotegemea. "Amefuta?" Nikamwambia bado. Likizo nyingine akauliza tena, nikamwambia bado. Hakunilaumu, alikuwa na imani kwamba mtu aliyesoma akishaambiwa kosa lake atalisahihisha. Sijui imani hiyo aliitoa wapi, maana mimi nilikuwa nakaa nao watu hao na sikuwa nayo.

Mwaka wangu wa mwisho kijitabu kilichapwa upya, jalada zuri zaidi. Sentensi ilikuwa pale pale, akina mama wale wale, hiari ile ile, jiwe lile lile. Chini yake mwandishi alikuwa ameongeza maneno: kwamba nyimbo hizo za furaha zingali hai, na kwamba mwanafunzi mmoja mzaliwa wa huko alimwimbia wimbo mmoja darasani, ukawachangamsha wote waliokuwepo.

Nilikwenda nacho nyumbani. Shangazi alikuwa mlangoni na ungo wake, akakiona kabla sijakaa.

"Hicho ndicho kipya?"

"Ndicho."

"Basi nisomee pale panaponisema mimi."

Nilifungua ukurasa. Nilisimama, kama tulivyofundishwa misheni, nikavuta pumzi, nikakwama kwenye neno la kwanza.