Aliyekuwa Akimjia Parmuat Zizini

Priscilla wa Kisaju alijua mumewe anaona nini, na akanyamaza. Wanaomlaumu waongee tu, si wao waliozaa.

Pikapu ya mbuzi ilipopinduka kwenye njia ya Mashuuru, mumewe, mzee Parmuat, alivunjika uti wa mgongo. Kijana wao wa kwanza alifia papo hapo. Kwao marehemu hatajwi jina, kwa hivyo boma zima likanyamaza. Hata Priscilla hakuitwa tena kwa jina la huyo kijana; akawa Mama Naisula, kwa binti yao mdogo. Maumivu ya Parmuat hayakuisha, na kliniki moja ya Kitengela ikampa mofini ya maji, ya kunywa.

Ndipo kijana akaanza kurudi. Asubuhi Parmuat alimwona zizini, amesimama na fimbo yake. Mtu mwingine angekimbia. Priscilla yeye akauliza, "Amevaa nini leo?"

"Ile shuka ulimnunulia."

Haki, mama huyo alifurahi hadi akaogopa furaha yake.

Kliniki, nesi Waruguru aliuliza, "Mzee, kuna vitu unaona na havipo?"

"Niko sawa tu."

Angesemaje, na anayemwona hatajwi? Priscilla akaangalia viatu vyake. Dawa ikaongezwa.

Wiki iliyofuata mzee alijikokota na mikongojo yake akimfuata mwanawe, watu wakamkuta katikati ya barabara ya Namanga, lori limefunga breki mbele yake. "Ananiita," akasema, huku anatabasamu. Priscilla akaelewa. Huyu naye alikuwa anaenda.

Akarudi kwa Waruguru peke yake. "Anaona mtu."

"Mtu gani, mama?"

"Saruni," akasema. "Kijana wetu." Akalia hadi leso ikalowa.

Waruguru akamweleza polepole: figo za mzee zimechoka, mofini inabaki mwilini na kumchezea akili. Wakaiacha, wakambadilishia dawa nyingine, ya kibandiko cha kubandika kifuani.

Maumivu yakatulia kweli. Parmuat akawa anakaa nje na chai yake, macho kwenye zizi, akisubiri. Chai ilipoa asubuhi baada ya asubuhi. Mwishowe akamgeukia mkewe.

"Mama Naisula, haji tena. Ulimtaja jina?"

Angeweza kumwambia ni dawa. Ilikuwa dawa, Waruguru mwenyewe alisema. Lakini na yeye alikuwa ameliangalia lile zizi tangu alfajiri.

"Nilimtaja," akasema.