Injini Iliyokunywa Maji

Watu wa gatini walimwita Sikio, kwa sababu injini ikiugua, yeye hakuanza kwa spana. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. "Valvu ya tatu," angesema, na mara nyingi ilikuwa ya tatu. Mafundi wanaume walibakiwa na utani mmoja tu juu yake: eti mumewe alimkimbia kwa kuwa kila akidanganya, mkewe alisikia kitu kimelegea.

Nyuma ya gereji yake, chini ya turubai, kulikuwa na injini moja ambayo hakuigusa. Ilikuwa ya kaka yake, Radi, aliyeshindana kwa boti za mwendo kasi pale ziwani. Siku moja mazoezini boti yake ilipanda wimbi vibaya, ikapinduka. Wapiga mbizi waliipata boti. Radi hawakumpata. Injini ilipotolewa majini, Sikio aliiosha siku hiyohiyo, akaijaza oili kila tundu, akaifunika. Mama yao, aliyeishi nyumba ya pili kutoka gereji, alikataa kukaa msibani. "Msiba wa nani?" aliuliza. "Mmemwona?" Akaendelea kutandika kitanda cha mwanawe.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka nahodha wa boti ya uokoaji alipokuja.

"Fundi, injini yetu imekufa. Ilikuwa imebaki kikohozi tu, sasa hata kikohozi hakuna. Watu wakizama leo nitawafuata kwa kasia."

Sikio alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ninayo moja," alisema. "Ila ni ya mbio."

"Mbio si tatizo."

"Ndilo tatizo lenyewe. Hii haijui kwenda polepole, na wewe unapita katikati ya vichwa vya watu. Itabidi niigeuze tabia."

Akavua turubai. Pistoni zilikuwa zimeganda. Alizimiminia mafuta, akasubiri, akazigonga kwa kipande cha mti, akasubiri tena, mpaka zikaachia moja baada ya nyingine. Alisafisha, akabadilisha ringi na gasketi. Kisha akafika kwenye kamshafti.

Kamshafti ni ule mhimili wenye vinundu, unaozunguka na kuziamuru valvu lini zifunguke na lini zifungike. Vinundu vikiwa vya upole, injini hutulia na kuvuta kwa nguvu tangu mwanzo. Vikiwa vikali, injini hupumua sana ikikimbia, lakini ikienda taratibu huchechemea. Radi alikuwa amechagua vikali kuliko vyote. Sikio alivipima kimoja kimoja. Havikuwa vimelika hata kidogo.

Aliagiza kamshafti nyingine, ya upole. Lakini kabla haijafika, alirudisha ile ya kaka yake, na kila tapeti, kile kikombe kidogo kinachokaa kati ya kinundu na valvu, akaiweka palepale ilipokuwa zamani. Alijiambia anajaribu tu kama oili inapanda vizuri. Hapakuwa na mtu wa kumbishia.

Aliiwasha mchana, ikiwa juu ya stendi, maji ya mpira yakipita kwenye eksozi, bomba la moshi, kuipoza kama ambavyo yangepita botini. *Dugu-dugu… du. Dugu-dugu… du.* Mwendo ule wa kuchechemea ulimsimamisha nywele. Hivyo ndivyo Radi alivyokuwa akirudi nyumbani. Walimsikia kabla ya kumwona.

Mama aliingia mbio, mikono ina povu la sabuni, mguu mmoja una kandambili, mwingine peku.

"Yuko wapi?"

"Mama, ni injini tu. Nimeiwasha mimi."

"Injini yake naijua. Nakuuliza, yeye yuko wapi?"

Sikio alinyoosha mkono kuizima. Mama akaudaka mkono ule. "Usimzime."

Tangu siku hiyo mama alikuja kila mchana, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na Sikio akawasha. "Umechelewa sana, mwanangu," mama aliiambia injini. "Mashati yako nimeyapiga pasi." Majirani walianza kupita upande wa pili wa barabara. Na Sikio naye, bila kumwambia mtu, akawa anaingoja saa ile. Mara moja aliweka bisibisi sikioni, ingawa injini haikuwa na ubovu wowote, akasikia ndani ya chuma kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Alikandamiza mpini mpaka sikio likamuuma. Neno halikuja.

Kamshafti mpya ilifika, akaisukuma chini ya meza. "Vipi, Fundi?" aliuliza nahodha. "Bado," akajibu.

Kisha injini ikaanza kukohoa, ikatoa mvuke mweupe. Alipofungua plagi, moja ilitoka imelowa maji. Alielewa palepale. Kwa vinundu vile vikali, ikiunguruma taratibu, valvu ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi hubaki wazi pamoja kwa muda. Pumzi hurudi nyuma na kuvuta maji ya eksozi hadi ndani ya silinda.

Alimpelekea mama plagi ile kiganjani.

"Mama, tazama. Kila nikiiwasha na kamshafti hii ya Radi, inakunywa maji."

Mama aligusa tone kwa kidole. Akalitazama.

"Kwa hiyo kila siku tunamzamisha," alisema.

Sikio alikunja kiganja juu ya plagi.

"Itoe hiyo, mwanangu. Basi. Itoe."

Akaitoa. Akafunga ile ya upole pamoja na tapeti mpya na springi zake, na injini ilipowaka ilinguruma sawasawa, sauti ya kutii, sauti isiyo ya mtu yeyote. Mama alisikiliza kidogo, akaenda kumalizia kufua.

Boti ya uokoaji ilipoitwa mara ya kwanza ikiwa na injini hiyo, upepo ulikuwa umepindua mtumbwi wa abiria. Nahodha alijongea katikati yao polepole, akawatoa wote wakiwa hai. Sikio alikuwa gatini akisikiliza injini inavyorudi, ndipo alipomwona mama yake amesimama kwenye ngazi na blanketi mikononi. Kila aliyeshuka, mama alimshika kidevu, akamwinua uso kuelekea kwenye mwanga, akamtazama, kisha akamwachia apite.

Mpaka leo boti ikiitwa, mama hushuka gatini. Watu hudhani ni mfanyakazi wa pale. Sikio hamzuii, wala hamwiti nyumbani.