Vizibo vya Mwalimu Kinafuata

Watoto wa darasa la awali walimwita mwalimu wao Mwalimu Kinafuata, kwa sababu hakuna siku iliyopita bila yeye kuwauliza, "Haya, kinafuata nini?" Aliwauliza mbele ya viatu vilivyopangwa mlangoni, mbele ya vifungo vya gauni lake, hata mbele ya bomba la uani lililodondosha maji kwa mwendo wake. Lakini mali yake hasa ilikuwa debe la vizibo vya soda, alivyovikusanya miaka nenda miaka rudi mpaka wauza vinywaji wakawa wanamwekea. Mtoto alipanga chekundu, cheupe, cheupe, chekundu, cheupe, cheupe. Kisha mwalimu alikaa kimya, akamwacha agundue mwenyewe kwamba anakijua kizibo ambacho bado hakijawekwa. Wengine hufundisha hesabu kwa kelele. Huyu mama alifundisha kwa kusubiri, na kusubiri na watoto wadogo si mchezo.

Shida ilianzia machoni. Ukungu ulimwingia polepole. Kijani na buluu zikawa ndugu, halafu nyekundu nayo ikajiunga na ukoo. Asubuhi moja binti yake alimtazama akitoka nyumbani, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, leo miguu yako imekosana. Huu umevaa kiatu cha kahawia, huu cha kijani."

Mwalimu akacheka naye. Moyoni hakucheka hata kidogo.

Darasani akabuni ujanja. "Usinionyeshe tu," aliwaambia watoto. "Nisomee kwa sauti, na makofi juu." Watoto wakasoma rangi zao, yeye akasikiliza, na mpangilio ulipovunjika aliusikia mara moja, kama mguu unavyokuta ngazi imekosa kidato. Ujanja ulimfaa mpaka siku alipomsifia mtoto aliyekuwa amevuruga vizibo kimyakimya, mwalimu mkuu akiwa amesimama pale pale.

Mwalimu mkuu alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mama, najisikia vibaya kukwambia," alisema. "Ijumaa nitakaa darasani kwako. Kama huoni kazi ya watoto, itabidi nikuhamishie stoo ya vitabu."

Stoo. Kwenye rafu na vumbi, angemuuliza nani kinachofuata?

Ijumaa mwalimu mkuu alikalia kiti cha watoto, magoti yamekaribia kidevu. Vizibo vikamwagwa mezani. Mwalimu akapita meza kwa meza, watoto wakisoma na kupiga makofi, mpaka akafika kwa binti wa fundi viatu, mtoto asiyependa maneno mengi.

"Huyu asisome," mwalimu mkuu akasema. "Nieleze wewe, Mama."

Mwalimu akainama. Aliona giza-giza la rangi moja tu. Mwalimu mkuu naye akachungulia, akakunja uso.

"Lakini hapa hapajapangwa kitu. Rangi zimerushwa ovyo."

Mtoto alikishika kidole cha mwalimu wake, akakiweka juu ya kizibo cha kwanza. Meno juu. Kinachofuata, mgongo laini. Kingine, mgongo laini. Meno, laini, laini. Kidole kikatembea peke yake hadi mwisho wa mstari, kikasimama mezani mahali patupu.

"Kinafuata chenye meno," mwalimu akasema.

Mtoto akampa.

Mwalimu Kinafuata akaketi sakafuni, gauni na yote. Alikuwa amechoka kuficha. "Wanangu, mimi rangi sizioni," akasema. "Ni muda sasa."

"Tunajua, Mwalimu," binti wa fundi viatu akajibu. "Ndiyo maana huwa tunasoma kwa nguvu."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, kama wanaoulizwa jambo la kawaida. Mwalimu akafunika uso kwa mikono yake, akalia mbele yao bila aibu.

Mwalimu mkuu alikuwa amefumba macho. Alipapasa ule mstari kwa kidole, akapotea njiani, akaanza kukisia.

"Usikisie," mtoto akamwambia. "Ukipotea, unarudi mwanzo."

Akarudi mwanzo. Safari hii alifika mwisho, akafumbua macho.

"Mama, Jumatatu nakupeleka mwenyewe kwa daktari wa macho," akasema. "Darasa nitakushikia mpaka urudi. Ila uniachie hilo debe."