Ragnvi na bunduki ya bega la kushoto

Saa moja asubuhi, theluji ya uani haijakanyagwa na mtu, Ragnvi Åslund anawasha kibatari ndani ya karakana yake. Umeme upo. Anachotaka kwenye kibatari ni masizi. Anaupitisha mtutu wa bunduki juu ya ule moto mpaka chuma kinakuwa cheusi, kisha anaulaza polepole ndani ya kitako cha mbao na kuugonga kidogo kwa kiganja.

Anauinua. Mbao imebaki na madoa meusi mawili, moja dogo kama punje ya pilipili manga. Anachukua patasi, anakwangua pale penye doa tu, kisha anarudi kwenye kibatari. Ataifanya kazi hiyo hiyo mpaka jioni, na kesho ataanzia alipoishia.

"Mbao inakuonyesha yenyewe inapobanwa," anasema bila kuinua macho. "Mwenye haraka akapasue kuni."

Ragnvi ana miaka hamsini na minne. Ni fundi bunduki wa kijiji cha Lillmyran, huko Härjedalen, ambako vuli ikikaribia watu huacha kusalimiana kwa habari za hali ya hewa na kuanza kuulizana habari za elki, yule mnyama wa msituni mwenye kimo cha kumpita farasi na pembe pana kama koleo. Anatengeneza bunduki chache kwa mwaka, moja moja, kila moja kwa mwili wa mtu mmoja. Bei yake hukaribia ya gari lililokwisha kutumika, lakini miezi ya kazi inayoingia humo ni mingi, na mwenyewe anakiri kwamba kinachompitisha majira ya baridi ni kutengeneza misumeno ya injini ya wakata miti.

Karibu zote anazotengeneza ni za mtutu wa kadiri, wa milimita tisa nukta tatu. Pale kijijini huitwa "tisa-tatu", kama jina la jirani.

"Mtutu mwembamba una mbio, unachana nyama ovyo. Ule mnene unakung'oa bega, na mwaka wa pili unaanza kufumba macho kabla hujafyatua," anaeleza. "Tisa-tatu haina makeke. Inakwenda, inafika, inapita. Nyama unaikuta nyama. Teke lake ni la kukusukuma, sio la kukupiga."

Na kwa nini mtu asinunue ya dukani, iliyo rahisi na inayolenga vizuri tu?

"Anunue, nani kamkataza? Ila ile imetengenezewa mtu wa wastani, na mimi huyo mtu sijapata kumwona."

Alianza ufundi kwa kosa la nyumbani. Mumewe, Ambjörn, dereva wa gari la kusukuma theluji, alimwazima bunduki yake msimu wa kwanza wa ndoa yao. Ragnvi ni mfupi, mikono yake mifupi. Kitako kilimvimbisha shavu mpaka wanawake wa kijijini wakaanza kumtazama Ambjörn kwa jicho baya. Siku moja mume akiwa kazini, mke akachukua msumeno, akakikata kile kitako.

"Hakuniomba," anasema Ambjörn, ambaye ameingia kuchukua birika la kahawa. "Nilirudi nikakuta kipande cha bunduki yangu kwenye kapu la kuni."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Baada ya hapo alikwenda kujifunza kwa fundi mmoja mjini, akarudi, akafungua karakana katika lililokuwa zizi la kondoo. Wateja wakaja, wakarudi, wakaleta watoto wao. Lakini bunduki ambayo watu wa Lillmyran wanaizungumza mpaka leo ni ile aliyomtengenezea mzee Halvar Bryngelsson, na haikuanza vizuri.

Halvar alikuwa kiongozi wa msako wa kijiji, kundi la wawindaji wa elki, tangu Ragnvi ni msichana. Ni yeye aliyepanga nani akae lindo gani, nani atembee na mbwa, nani apike kahawa. Masika ya mwaka juzi aliamka asubuhi akaona nusu ya jikoni ina giza. Mshipa ulikuwa umeziba ndani ya jicho la kulia. Madaktari walifanya waliyoweza, wakamwambia jicho lile halitarudi.

Juma moja baada ya kutoka hospitali alikuja karakana na bunduki yake imefungwa katika blanketi la sufu. Akaiweka mezani.

"Inunue. Bei utakayotaja ndiyo hiyo hiyo."

Ragnvi aliifungua, akaitazama. Ilikuwa imefutwa mafuta upya. "Siinunui."

"Ina kutu?"

"Haina. Mwenye kutu ni wewe."

Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama dirishani. Alimwambia kwamba kwenye msako wameshaanza kusemana. Yngvar Modin, aliyetarajiwa kushika uongozi baada yake, alikuwa amesema kahawani mbele ya watu: "Tumtafutie Halvar lindo la mbali, asije akatuangusha sisi akamwacha elki."

"Watu walicheka," alisema Halvar. "Hata mimi nilicheka. Ningefanyaje?"

"Jicho la kushoto lina nini?"

"Halina neno. Lakini mimi nimelengea la kulia miaka yote hii, binti."

"Basi utajifunza la kushoto, mzee. Na hii huwezi kuitumia hivyo, komeo lake la kupandishia risasi liko upande wa kulia, utakuwa unalivukia kama mtu anayejikuna mgongo. Nitakuundia mpya."

Kanuni ya msako ule ilikuwa moja na haikuwa na mkubwa: kabla ya msimu kila mtu hupiga shabaha kwa elki wa mbao anayekimbia kwenye reli. Anayemkosa moyo na mapafu hapewi bunduki mwaka huo. Anakwenda kwenye kahawa. Halvar mwenyewe ndiye aliyeitunga, zamani, baada ya mnyama kukimbia na jeraha na kutafutwa kwa siku kadhaa.

Ragnvi aliagiza Ujerumani mtambo wenye komeo la kushoto. Akatoa kipande cha mti wa jozi alichokuwa amekikausha darini kwa miaka, chenye michirizi kama moshi, ambacho wateja wawili walikuwa wamekiomba akawanyima. Akampima Halvar akiwa amesimama wima katikati ya karakana, mkono hivi, shingo hivi. Akakata.

Mwezi wa sita walikwenda uwanja wa shabaha wao wawili tu. Halvar aliweka bunduki begani, akakitafuta kitako kwa shavu, akafyatua. Darubini ya kulengea iliyo juu ya mtutu ilirudi ikampiga juu ya jicho, lile zima. Damu ikashuka, akawa haoni kabisa.

"Nilimsikia anasema polepole, 'Ragnvi, nishike mkono,'" anakumbuka fundi huyo. Anaweka patasi chini. "Yule mzee sijapata kumsikia anaomba kitu."

Jeraha lilikuwa la juu juu, lilipona. Lakini Halvar hakurudi karakana. Simu haikupokelewa. Mkewe, Gunvor, alipoulizwa dukani alisema tu kwamba mume wake analala mchana siku hizi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Ragnvi anasema alikaa na ile bunduki mezani, akaipima upya mara nyingi, na kila kipimo kilikuwa sawa na alivyokiandika. Hilo ndilo lililomtisha. Kosa ambalo halionekani kwenye kipimo angelitafuta wapi?

Mwishoni mwa mwezi wa saba, matunda ya kinamasini yalipoiva na kuwa ya rangi ya chungwa, Gunvor alimpigia simu. "Yuko kwenye kinamasi cha nyuma. Mimi sijakwambia."

Alimkuta ameinama na ndoo, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu, mbu wamemzunguka. Hakumwita mara moja. Alisimama kando ya msonobari akamtazama, na hapo ndipo alipoona. Halvar hakuwa anasimama kama alivyosimama karakana. Kila alipotafuta tunda, alipeleka bega la kushoto nyuma, akageuza uso mzima kulia na kidevu akakishusha hadi karibu na bega, ili jicho lile moja lipate kuona kote. Mwili wake ulikuwa umejipangia namna mpya ya kutazama dunia, na kule karakana, kwa adabu mbele ya fundi, alikuwa ameificha.

"Usinyooke," alimwambia.

Mzee aliruka. "Unaninyemelea kama mbweha?"

"Kaa hivyo hivyo. Endelea kuchuma."

"Binti, nimeshasema bunduki basi."

"Sijaja na bunduki. Nimekuja na kamba." Akaitoa mfukoni, kamba ya kufungia marobota ya majani makavu, akaanza kumpima kutoka kwenye kiwiko hadi kidoleni, kutoka shavuni hadi begani, mzee akiwa ameinama na ndoo mkononi.

"Watu wakipita watasema nini?"

"Watasema unapimwa jeneza. Geuka kidogo."

Halvar alicheka. Ragnvi anasema ndicho kicheko cha kwanza alichokisikia kwake tangu masika. Kisha mzee akasema kwamba hakuona aibu kwa kuumia. Aliona aibu kwa sababu bunduki ilikuwa nzuri, na yeye ndiye aliyeonekana hafai.

"Bunduki ilikuwa mbovu," Ragnvi alimjibu. "Niliipima kwa mtu uliyekuwa zamani."

Kile kitako cha mti wa jozi akakiweka kando, hakikuokoleka. Cha pili alikitoa kwenye mbao isiyo na michirizi yoyote ya kusifiwa. Alikifanya kirefu zaidi, akakikunja kidogo nje, akapandisha mahali pa shavu na kuisogeza darubini mbele, mbali na jicho. Ukiishika wewe au mimi, inakuwa kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine. Halvar aliipokea, akafumba macho, akaiweka begani, akafumbua. Msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini ulikuwa mbele ya jicho lake. Hakusogeza shingo.

Alikaa hivyo muda mrefu. "Kumbe iko hivi," alisema.

Siku ya shabaha alipiga risasi zake nne kwa elki wa mbao, na zote zikaingia panapotakiwa. Yngvar, aliyekuwa akihesabu matundu, aliyatazama, akayatazama tena, akasema, "Haya, nani anafuata?" Kwa watu wa Lillmyran hiyo ni pongezi.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na ingekuwa tamu. Lakini msimu ulipofunguliwa, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa, Halvar alikaa kwenye lindo lake la siku zote, ukingoni mwa miti iliyokatwa, na fahali mkubwa akapita kulia kwake akitembea tu, karibu kiasi cha kurushiwa jiwe. Yngvar alimwona kutoka mbali kwa darubini. Alingoja mlio wa risasi. Haukuja.

Mchana, kwenye moto, soseji zikiwa kwenye vijiti, hakuna aliyelitaja. Ragnvi alikuwa amekaa ng'ambo ya moto. Alikuwa amemtengenezea mzee bunduki. Jicho hakuweza kumtengenezea.

Halvar ndiye aliyelitaja. "Fahali alipita?"

"Alipita," alisema Yngvar.

"Upande gani?"

"Kulia."

"Sikumwona. Wala sikumsikia mpaka amefika mitini." Akatazama watu wote, mmoja mmoja, kwa kugeuza uso mzima. "Nalisema ili lijulikane. Yngvar, msako uchukue wewe. Kiongozi anatakiwa kuona pande zote."

Yngvar aligeuza soseji yake polepole, ingawa ilikuwa imeshaungua. "Nitauchukua," alisema. "Na amri yangu ya kwanza ni kwamba lindo lako lina watu wawili. Mimi nakaa kulia. Kushoto ni kwako."

"Sihitaji yaya."

"Wala mimi sitaki mtoto. Nataka lindo lenye macho matatu."

Siku ya tatu mbwa walibweka bondeni. Jike alitokea na ndama nyuma yake, upande wa kushoto. Yngvar aliwaona akanyamaza. Halvar alimwacha jike apite, maana kwenye msako ndama hupigwa kabla ya mama, akamfuata ndama kwa mtutu, akafyatua mara moja. Ragnvi, akiwa lindo la pili, aliusikia mlio, mzito, usio na mwangwi wa pili. Kisha redio ya mkononi ikakwaruza, ikaja sauti ya Yngvar: "Amelala palepale. Leteni kamba. Mzee anajifanya ana vumbi kwenye jicho."

"Wote wawili walikuwa na vumbi," anasema Ragnvi.

Halvar bado anakaa lindo lile, na Yngvar kulia kwake. Wanagombana kuhusu kahawa. Bunduki inafungiwa kwenye kabati la chuma, na Gunvor analalamika kwamba mumewe huitoa kuifuta mafuta hata isipokuwa na haja.

Nje, Ambjörn anaondoa theluji ya uani. Ragnvi anapitisha tena mtutu kwenye moto. Anasema wiki ijayo ana mteja mpya, mwanamke wa bonde la pili aliyepoteza mkono chini ya kiwiko kwenye mashine ya mbao, naye anataka tisa-tatu. Hajawahi kutengeneza bunduki ya namna hiyo, na hajui itashikwaje.

Mama huyo aliuliza kwenye simu aje karakana siku gani kupimwa.

"Nimemwambia asije," anasema Ragnvi, akikilaza chuma ndani ya mbao. "Nakwenda mimi kwake. Nataka nimwone kwanza akibeba kuni."