Faida kila mwezi, hasara hakuna

Leo nimemtoa jasho ustadhi mzima, mimi yuleyule mliyesema chuoni nilikuwa nasoma kwa usingizi!

Sikilizeni.

Mama mdogo kamkaribisha nyumbani, hapa Thornton Heath ughaibuni, bwana mmoja wa kanzu na uturi wa kukohoza. Anatafuta watu wa kutia mtaji kwenye duka lake la halua.

Mama mdogo simu iko mkononi, yuko tayari kumtumia akiba yake yote ya Hija.

"Biashara halali kabisa, bibie," anasema bwana. "Riba hamna. Faida kila mwezi, hasara hakuna."

Nikacheka mpaka chai ikanitoka puani.

"Ami, kama faida ni lazima na hasara haipo, hiyo si biashara. Hiyo ndiyo riba yenyewe, umeivisha kanzu tu."



"Wee, adabu!" akanifokea mama mdogo. Lakini kidole kakiondoa kwenye simu. Nilikiona!

"Basi twende tukalione duka sasa hivi," nikasema. "Halua naipenda."

"Duka... linapakwa rangi."

"Tutanusa rangi, ami."

Bwana akainuka, anatafuta viatu. Eti anawahi sala ya Alasiri msikitini.

Jamani! Alasiri tulikuwa tumeshaisali palepale sebuleni, na yeye ndiye aliyetusalisha!

Akiba ya Hija imesalimika. Haya, nyie wenye vyeti, semeni: mngemuuliza nini?