Nyumba ya Tisa Ilikuwa Imefungwa

Ukitaka kumkasirisha Yuster Cecil, mwambie kwamba utafiti ni kujaza fomu tu. Atakutazama juu mpaka chini, ataweka kanga yake sawa begani, halafu ataanza, na hapo ujue umekwisha, chai yako itapoa. Sisi wa Lulindi tumeshamzoea. Ana miaka hamsini na minne, amezaliwa hapa hapa misheni, mwanawe Alfredi kabatizwa hapa, na kama kuna mtu anayeweza kujivuna mbele yetu bila sisi kumnunia, ni yeye. Haki yake. Ngoja nieleze.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya fomu. Baba yake, Mzee Cecil, alikuwa mpima ubora wa korosho katika ghala moja la Masasi, na binti alipomaliza kidato cha nne akamfuata huko huko. Chombo cha kazi ni bambo, kile chuma chenye ncha na uwazi ndani. Unachoma nacho gunia, ukikivuta kinatoka na korosho chache. Hizo chache unazipasua, na hizo ndizo zinazokwambia gunia zima lina hali gani. Sasa wakulima wetu, Mungu atusamehe, wanajua kupanga gunia. Korosho kavu na nono zinakaa juu, zile mbichi na zenye ukungu zinafichwa katikati. Mpima mvivu anachoma juu, anaona mali safi, anaandika daraja la kwanza na kwenda zake kula.

Mzee Cecil alikuwa anachoma juu, ubavuni na chini kabisa. Na gunia la kuchoma hakulichagua yeye. Alihesabu tu, kila la kumi linachomwa, liwe la rafiki, liwe la shemeji, liwe limebanwa chini ya mrundo mpaka vibarua watukane kulitoa. Alimwambia binti yake kwamba ukichukua lililo karibu na mkono, umepima mkono wako, hukupima korosho. Yuster alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na hakuna mzigo hata mmoja aliopima yeye uliorudishwa na mnunuzi. Hilo analisema mwenyewe, na ukienda Masasi kuuliza, wapo watakaokwambia hivyo hivyo.

Kwa hiyo alipochukuliwa kuwa mdadisi, yule mtu anayepita nyumba hadi nyumba na kishikwambi kuuliza watu hali zao, hakuwa mgeni wa jambo lenyewe. Kwenye mafunzo vijana wenye vyeti vyao waliguna waliposikia kwamba kaya mia chache zitasema habari ya mkoa mzima. Yuster alicheka. Yeye alishaona kiganja cha korosho kikisema habari ya lori. Alichouliza ni kimoja tu: nani anachagua hizo kaya? Wakamwambia zinachaguliwa kwa bahati nasibu ofisini, mdadisi anapewa orodha na haruhusiwi kuibadilisha. Basi, akasema, hiyo kazi naiweza.

Oktoba ile walimpanga Newala, juu kwenye uwanda, kitongoji cha Nambalapi. Kaya kumi na sita. Utafiti wenyewe ulihusu maji: mnateka wapi, nani anakwenda, anachukua muda gani kwenda na kurudi. Na kosa walilofanya wakubwa wa utafiti, ambalo mtu wa huku asingelifanya hata usingizini, ni kuja Oktoba. Oktoba korosho zinadondoka. Familia nzima inafunga nyumba, inabeba masufuria, mikeka na kuku, inahamia kwenye kibanda cha shambani mpaka msimu uishe. Kijijini wanabaki nani? Walimu, wenye maduka, na wale ambao watoto wao wa mjini wanawalipia vibarua.

Kati ya nyumba kumi na sita, saba zilikuwa zimefungwa. Ya tisa kwenye orodha ilikuwa ya Abdulatifu, nyumba ya udongo na nyasi, na mlango wake umefungwa kwa kamba. Mkabala nayo, ng'ambo ya njia, palikuwa na nyumba ya bati ya Mama Dastani, na Mama Dastani mwenyewe alikuwa barazani, amepika, ameoga, hana haraka. Akamkaribisha Yuster. Akamwambia wale wako shamba, mbali huko kwenye mteremko, njoo unihoji mimi, si ni majirani, tunaishi maisha yale yale.

Yuster alishukuru na kukataa. Akarudi kesho yake asubuhi, akarudi tena jioni, milango imefungwa vile vile. Mara zote tatu Mama Dastani alimwita, na mara zote tatu mgeni alipita mlangoni pake bila kukaa. Kwetu hilo ni tusi. Mara ya tatu mama wa watu hakuitikia hata salamu. Siku ya tatu Yuster akafunga kanga kiunoni, akaomba mtu wa kumwonyesha njia, akayafuata mashamba moja moja mpaka akazipata kaya zote saba vibandani mwao. Ilimchukua siku tatu na jozi moja ya ndala.

Wiki mbili baadaye simu ikaita. Ofisi ilikuwa imezitazama namba zake na haikuzipenda. Katika eneo lake, kaya kumi na moja kati ya kumi na sita zilikuwa zinatumia zaidi ya saa moja kufuata maji. Eneo la jirani, watu wale wale, uwanda ule ule, zilikuwa tatu tu. Isitoshe alikuwa amechelewa siku nne kumaliza. Hawakusema wazi kwamba amepika takwimu, lakini walisema anakuja mkaguzi kurudia kaya sita, na kwamba majibu yasipofanana jina lake litaondolewa kwenye orodha ya wadadisi na hatapewa kazi tena.

Usidhani aliogopa kukosa kazi. Shamba analo. Kilichomkaa kooni ni lile neno, kupika. Miaka kumi na tisa ya bambo, halafu mtu wa ofisini aseme Yuster binti Cecil kakaa mahali na kutunga. Baba yake alikuwa amekufa mwaka juzi tu. Siku mbili za kumngoja mkaguzi Yuster hakula vizuri, na mwanawe alipomwambia asijali alimfokea kama mtoto mdogo.

Mkaguzi akaja. Kijana mmoja, Optatus, nadhifu, viatu vya kufunga kamba kwenye mchanga wetu ule mwekundu. Walikutana barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji, Joel. Optatus akasema shikamoo haraka haraka, kama mtu anayelipa nauli, na kabla marahaba haijakauka mdomoni mwa Yuster akafungua karatasi zake na kuuliza inakuwaje namba za majirani zipishane hivi.

Yuster alikuwa ameapa atanyamaza, lakini hilo hakuweza.

"Kumi na sita ni chache, baba," alisema. "Chache zinaweza kuyumba. Lakini kama zimeyumba, zimeyumba zenyewe. Mimi sikuzisukuma."

Optatus akasema tutaona. Akachagua kaya sita kwa kura, akamwambia Yuster abaki pale pale kwa mwenyekiti asimfuate, ndivyo sheria ilivyo. Ya kwanza kutoka ikawa ile ya tisa, ya Abdulatifu.

Sasa, nyumba ya mwenyekiti ipo hatua chache tu kutoka pale. Yuster aliona yote na kusikia yote. Alimwona kijana amesimama mbele ya mlango wenye kamba. Jua limewaka, jasho linamtoka, viatu vimejaa mchanga. Alimwona akitazama saa. Kisha Mama Dastani akamwita kutoka barazani, njoo upate maji mwanangu, na kijana akavuka njia, akapewa kikombe, akanywa chote, akaongezwa. Akakaa. Akatoa kishikwambi chake. Akasema kwamba kwa kuwa wenye nyumba hawapo, basi atamhoji yeye mama kwa niaba yao.

Yuster alifumba macho. Kama mkaguzi angeandika majibu ya nyumba ya bati mahali pa nyumba ya nyasi, yasingefanana, na yeye angekuwa mwongo milele, na asingeruhusiwa hata kuvuka njia kusema neno.

Aliyesema ni Mama Dastani.

"Afadhali wewe una adabu," alimwambia kijana, na sauti yake ilifika kwa mwenyekiti bila shida. "Yule mama mliyemtuma alinidharau. Mara tatu amekuja pale kwa Abdulatifu, mara tatu namwita anihoji mimi, hataki. Eti wanaotakiwa ni wale. Akaenda kuwatafuta porini na miguu yake, mimi niko hapa nimekaa!"

Alikuwa amelibeba moyoni tangu siku ile, maskini, akalimwaga lote. Hakujua kwamba hakuna shahidi mwingine duniani ambaye angemfaa Yuster kuliko yeye.

Optatus hakuandika. Alibaki ameshika kikombe, akakitazama. Halafu akauliza, taratibu, maji haya mnayateka wapi.

"Hapo nyuma," Mama Dastani akajibu. "Kisima cha mvua. Dastani ana duka Masasi, alinijengea mwaka ule alioweka bati."

"Na Abdulatifu?"

"Wale? Wale hawana bati, watavuna nini? Mkewe anashuka bondeni na ndoo."

Kijana akainuka, akashukuru, akarudisha kishikwambi mkobani. Akamwomba mwenyekiti pikipiki na mtu wa kumwonyesha njia ya shamba.

Walikaa kutwa nzima wakimngoja. Mwenyekiti Joel, ambaye sasa alishaona upepo unavuma wapi, akaanza kuchangamka. Akasema kumi na moja kati ya kumi na sita ni jambo kubwa, yeye ataliandika kwenye barua yake ya kuomba bomba: watu wa Nambalapi, zaidi ya theluthi mbili, wanatembea zaidi ya saa kufuata maji. Mtu mwingine aliyekuwa kwenye hali ya Yuster angempigia makofi. Yuster akamwambia hapana, mwenyekiti, usiandike hivyo. Kaya kumi na sita hazitoshi kukisemea kitongoji chenye kaya mia na kitu. Zingeangukia nyumba nyingine ungepata nane, au kumi na tatu. Zikikusanywa na za maeneo mengine yote ndipo zinausemea mkoa, na hata hapo wanaojua watakwambia ni kadiri hii, kuzidi kidogo au kupungua kidogo, na watakutajia hicho kidogo ni kiasi gani. Kama anataka ya kitongoji chake, azunguke kaya zote na daftari, si nyingi. Joel akanuna. Lakini wiki iliyofuata alizunguka kweli, ndivyo nilivyosikia.

Optatus alirudi alasiri, shati limekuwa rangi ya udongo, viatu amevibeba mkononi. Kaya sita amezikuta zote. Akakaa chini mkekani, si kwenye kiti, akasoma majibu mbele ya mwenyekiti, yake na ya Yuster, moja baada ya jingine. Chanzo cha maji ni kile kile kote. Anayekwenda ni yule yule kote. Mke wa Abdulatifu alimwambia Yuster saa moja na dakika arobaini, yeye akamwambia saa moja na nusu. Yuster akaanza kueleza kwamba hakuna anayeshuka bondeni na saa mkononi, na kijana akainua mkono, akasema hiyo siyo kasoro mama, hiyo tumeshaihesabia.

Halafu akasema eneo la jirani litarudiwa lote upya, maana sasa ameelewa zile tatu zilitoka wapi. Huko walihojiwa waliokuwepo. Akasema anaomba anayerudia awe yeye, Mama Alfredi, kama miguu bado ipo.

Yuster alisema miguu ipo, ndala ndizo hazipo.

Mwenyekiti alicheka, lakini Optatus hakucheka. Alikuwa ameshasimama kuondoka, ameshaaga. Akarudi hatua mbili, akainamisha kichwa kidogo, na kwa mara ya pili siku ile ile, jambo ambalo mtu haombwi wala hatarajiwi kulifanya, akasema polepole, "Shikamoo, mama."

Yuster hakuharakisha. Alimtazama, akaitazama ile nyumba ya tisa na kamba yake mlangoni, akamkumbuka mzee wake amepiga magoti chini ya mrundo akilitafuta gunia la kumi.

"Marahaba," akajibu.

Kisha akavuka njia, akaenda kukaa barazani kwa Mama Dastani, bila kishikwambi, mpaka jua likazama.