Nilifuta Nyekundu kwa Ajili ya Mgeni Rasmi

Kosa ni langu. Naliandika hapa bila jina kwa sababu bado navaa sare nyeupe na bado kuna watu wananiamkia kwa heshima nisiyostahili. Ukimaliza kusoma unitukane, ni haki yako. Ila usome mpaka mwisho.

Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi ya watoto mahututi, hospitali moja hapa Dodoma. Wenzangu wananiita Inchaji. Jina hilo nililipenda kupita hata la ubatizo. Nikiitwa hivyo kwenye korido nilikuwa natembea taratibu ili waniite tena.

Wodini kwetu tuna karatasi ya alama. Kila saa muuguzi anampima mtoto: anahema mara ngapi, moyo unapiga vipi, mikono ina joto au ni baridi, ukimwita anaitika au anasinzia. Kila jibu lina alama yake, unajumlisha. Alama chache ni kijani, zikipanda ni njano, zikipanda zaidi ni nyekundu. Nyekundu maana yake moyo wa mtoto huyu unaweza kusimama wakati wowote, kwa hiyo daktari aitwe sasa hivi na toroli la dharura lisogezwe kitandani. Ni karatasi ya kawaida tu, lakini huwa inaona mapema kuliko macho yetu. Ukutani kuna ubao, na kila kitanda kina kibandiko cha rangi yake.

Basi ikaja taarifa kwamba tutapata ugeni mkubwa kutoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Kama umewahi kufanya kazi ofisi yoyote hapa makao makuu, unajua ugeni ni nini. Mawe ya bustani yakapakwa chokaa. Mapazia yaliyokuwa yamesahaulika stoo yakafuliwa. Choo kilichokuwa kimefungwa kwa ubovu kikapata fundi siku hiyohiyo, na wageni walipoondoka kikafungwa tena.

Mimi nikashika upande wa wodi. Toroli la dharura lilikuwa limechubuka rangi, nikaona litatutia aibu kwenye picha. Nikatoka nyumbani na kitambaa changu cha kufuma, kile cha kwenye makochi, nikalifunika. Juu yake nikapanga katoni za maji ya wageni na chombo cha maua ya plastiki. Likapendeza mno, nikajipongeza.

Akina mama wa wagonjwa nao nikawafundisha. "Mgeni akiwauliza, semeni huduma ni nzuri, tunashukuru. Basi. Msianze habari za mashuka." Tukafanya mazoezi mara tatu.

Lakini ubao ndio ulikuwa fahari yangu. Kwenye kikao cha maandalizi nilisimama mbele ya wakubwa nikaahidi kwamba Jumatano wodi yangu haitakuwa na nyekundu hata moja. Nikapigiwa makofi. Hebu fikiria, watu wazima wenye vyeti vyao, wanapigia makofi ahadi kwamba Jumatano watoto hawatazidiwa.

Jumatano saa tatu asubuhi, Zuhura akanifuata na karatasi ya kitanda namba nne. Zuhura ni muuguzi kijana, mtu wa Kondoa, hajui kupamba maneno. Kitanda namba nne alikuwa amelazwa Zawadi, msichana wa miaka mitatu kutoka Hombolo. Alikuwa na nimonia kali, yuko kwenye oksijeni.

"Inchaji, Zawadi amefika nyekundu," akasema. "Mikono ya baridi, na ameanza kusinzia. Nimpigie daktari?"

"Daktari yuko getini kwenye mapokezi. Hesabu upya."

"Nimehesabu mara mbili."

"Hesabu mara ya tatu. Alfajiri alikuwa analia, sasa si ametulia? Mtoto akitulia amepata nafuu."

Hayo niliyasema mimi, ninayewafundisha wanafunzi kila mwaka kwamba mtoto mahututi akinyamaza ghafla ndipo uogope. Nikachukua kalamu mkononi mwa Zuhura, nikapunguza alama za kuhema, nikapunguza na za mikono. Kisha nikaenda ubaoni, nikabandua nyekundu, nikabandika kijani. Hata njano niliona itaharibu mstari.

Ratiba ilisema mgeni rasmi ataingia saa tatu. Saa nne ikapita hajafika. Mama Zawadi akanijia mlangoni, binti mdogo tu, kanga yake kaifunga kifuani.

"Shikamoo sista. Mwanangu simwelewi leo."

"Marahaba. Vumilia kidogo mama, wageni wakiondoka tutamwangalia."

"Huyu nyumbani mtundu, sista. Hanyamazagi hivi."

Nikamwambia arudi kitandani akae vizuri, na kanga aishushe. Yule mama hakuwa na karatasi wala ubao, lakini alikuwa ametoa jibu lilelile la Zuhura. Nilikuwa nimeambiwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa naangalia mlango.

Mgeni aliingia saa tano kasoro, na msafara wake, na kamera. Akasimama mbele ya ubao akatikisa kichwa kwa furaha. "Wodi ya mahututi, na wote kijani. Hongereni sana." Katika watu wote wale hakuna aliyejiuliza, kama wote wako kijani, mahututi wako wapi.

Mpiga picha akaomba mtoto asiyelia. Nani aliwapeleka kitanda namba nne? Mimi. Niliwatangulia kabisa.

"Mtulivu kweli huyu," mgeni akasema, akainama kidogo ili picha itoke vizuri. "Mama, huduma mnazionaje?"

"Huduma ni nzuri, tunashukuru," akajibu Mama Zawadi kama nilivyomfundisha. Kisha akaongeza ambayo sikumfundisha. "Ila kimya cha mwanangu sikipendi, baba. Muangalieni midomo."

Msafara ukacheka, kile kicheko cha upole cha mbele ya mkubwa. Na mimi nikacheka. Nasema ukweli wangu wote hapa: nilicheka.

Mashine ya kupima moyo ikalia. Zuhura alikuwa ameshafika, mikono yake iko kwenye kifua cha mtoto, anabonyeza na kuhesabu. Moyo ulikuwa umesimama.

"Toroli," akasema.

Nikalivuta toroli. Kitambaa changu kikajisokota kwenye gurudumu, likagoma. Nikalivuta tena, maji yakamwagika, chombo cha maua kikaanguka miguuni pa mgeni rasmi. Mfuko wa kumpulizia mtoto hewa ulikuwa kwenye droo, na droo haikufunguka mpaka kitambaa kikachanwa kwa mkasi. Daktari alikuwa mwisho wa msafara, ilibidi awasukume watu wenye tai ili apite. Mama Zawadi hakupiga kelele. Alikuwa ameshika mguu wa mwanawe, analiita jina lake polepole.

Moyo ulirudi. Mshukuruni Zuhura, msinishukuru mimi.

Taarifa ya ziara iliandika kwamba wodi yetu "ilionesha utayari wa hali ya juu mbele ya mgeni rasmi". Nikapewa cheti. Kimewekwa fremu. Zuhura akaomba uhamisho, na siku ya kuondoka aliniambia, "Inchaji, mimi sisemi. Utasema wewe."

Zawadi alitoka hospitali akiwa hai, lakini ubongo wake ulikaa muda bila hewa. Mguu wa kulia anauburuta. Maneno yote aliyokuwa anayajua yamepotea, na yale makelele ambayo mama yake aliyasifia hayapo tena. Kila tarehe ya kliniki mama yake alikuwa ananiletea zabibu. "Mungu akubariki sista, ulimwokoa mwanangu." Na mimi nilikuwa nazipokea, nazila.

Nikashindwa kuendelea. Nikaandika maelezo yangu, nikampelekea mkubwa wangu. Akasoma, akanirudishia. Akasema jambo limeshapita, tena cheti kimeshatoka, nisiichafue taswira ya hospitali. Ndiyo maana naandika kwenu.

Kliniki iliyopita nilimwita Mama Zawadi pembeni nikamwambia yote. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Akamweka mtoto vizuri mapajani.

"Ile karatasi ilisema saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na moyo ulisimama?"

"Saa tano."

Akahesabu kwa vidole, taratibu. "Kwa hiyo mlikuwa na saa mbili, sista."

Akambeba mtoto wake mgongoni akaondoka. Sijui kama atakuja tena siku ya zamu yangu.

Wewe unayefanya kazi kama yangu, nakuomba. Utaambiwa usafishe, upambe, ufanye mazoezi ya kushukuru. Fanya ukitaka. Lakini kalamu iache iandike ilichokiona. Mgeni akija aikute nyekundu ikiwa nyekundu, na daktari ameinama kitandani, hana hata muda wa kumsalimia.